Ngazi Aliyoipima Mbinya

Ndolo hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Mara ya kwanza tu ilitosha kumkasirisha, na mkewe Mbinya alikuwa amemwambia jambo lile lile tangu atoke hospitali: juu ya ule mti hutapanda tena.

Mti wenyewe ni mgunga mkubwa ulio nyuma ya shamba lao, nje kidogo ya Kibwezi, pale unapoiacha barabara ya Mombasa na kuanza kula vumbi. Juu yake imening'inia mizinga ya Ndolo. Ni mizinga ya magogo, ya kuchongwa na kutobolewa kwa mkono. Ule mkubwa kuliko yote ulichongwa na baba yake, na una alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto, ili anayepita ajue ni wa nani na aendelee na safari yake. Kule watu hawagusi mzinga wa mwenzao. Unaweza kuegesha baiskeli sokoni ukose hata kengele, lakini mzinga utaukuta.

Asiyejua alama ya ukoo ni nyegere peke yake. Mnyama huyo ni mfupi, mweusi tumboni na mweupe mgongoni, na nyuki wakimuuma ni kama wanamkuna. Kwa ajili yake Ndolo alikuwa amelizungushia shina la mgunga bati laini na kulipigilia misumari, ili kucha zikose pa kushika. Miaka yote bati hilo lilikuwa limefanya kazi yake bila kushukuriwa. Ndolo mwenyewe alilipita kwa kamba: aliirusha juu ya tawi, akaifunga, akajivuta kwa mikono huku nyayo zikikanyaga shina.

Mwaka juzi kamba hiyo ilikatika. Kwa nje ilionekana nzima, kumbe ndani ilikuwa imeoza. Ndolo alianguka akavunjika mtulinga na mbavu, na hadi leo mkono wake wa kulia haupiti sikio. Siku hiyo Mbinya alikuwa chini ya mti, ameshika ndoo ya kupokelea asali, mahali pale pale alipokuwa akisimama tangu waoane.

"Watu huanguka," Ndolo alizoea kusema. "Hata waendesha ndege huanguka."

"Wewe hukujiona ukianguka," Mbinya alimjibu siku moja, akichambua pojo bila kuinua macho. "Mimi ndio nilikuona."

Ndolo aliona hayo ni maneno ya wanawake, akatoka nje kutafuta kitu cha kukasirikia. Hakukikosa. Langoni alikuwa amesimama Musyoka, mtoto wa marehemu kaka yake, amevaa gambuti na tabasamu. Musyoka alifuga nyuki kisasa, kwenye masanduku yaliyofungwa kwa waya kimo cha kiuno, na alikuwa kijana mwenye heshima, jambo ambalo lilizidi kumchosha Ndolo. Ungeweza angalau kumchukia mtu mwenye kiburi.

"Anko, si unipee tu hiyo mizinga nikushughulikie? Naishusha polepole, naiweka chini kwa masanduku yangu. Asali yako nakuletea mpaka kwa nyumba."

"Asali ya kuletewa ni ya wagonjwa," Ndolo alisema.

"Si wewe ni mgonjwa?" Mbinya akauliza kutoka jikoni.

Hapo ndipo sharti lilipotolewa, mbele ya Musyoka, ili asije mtu akasema hakusikia. Mgunga ulikuwa umechanua. Asali ikiiva, na kama kufikia wakati huo hakuna ngazi, mizinga yote ni ya Musyoka. Wala isiwe ngazi ya kubahatisha.

"Iwe ngazi yenye mimi mwenyewe naweza panda," Mbinya alisema. "Nitapanda kwanza, mpaka juu. Nikishuka mzima, na wewe utapanda."

Ndolo alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mwanamke kupanda kwenye mizinga, jambo hilo halikuwahi kuonekana kwao tangu enzi za babu zake. Alikubali haraka, akijua siku ikifika mkewe atatazama juu, atashika kiuno, na mambo yataisha kwa maneno. Ngazi ya mbao hakuifikiria hata kidogo, maana ya kufika kwenye lile tawi ingehitaji mbao za kujengea kanisa. Angetengeneza ngazi ya kamba. Ni kazi ya jioni moja, alisema.

Alikwenda Kibwezi kwa Abdisamad, mtu wa Garissa aliyekuja kuuza mbuzi akaishia kuuza misumari na kamba. Abdisamad alimtolea kamba ya nailoni, ya buluu, inayong'aa.

"Mzee Ndolo, hii inavuta lori."

"Mimi si lori."

"Basi utaisumbua na nini?"

Ndolo alirudi nayo nyumbani, akakata vijiti, akavifunga haraka haraka, akaitundika ngazi yake kwenye mnara wa tangi la maji. Ilipendeza. Mbinya alileta gunia lenye mchanga wa mtoni, akamwamuru mumewe alining'inize kwenye kidato cha katikati. Kidato kikakaa kwa muda, kisha upande mmoja ukaanza kuteleza kwenye ile nailoni, taratibu, kama mtu anayejitoa kanisani kabla ya sadaka. Gunia likaanguka, likapasuka.

"Hilo gunia ni wewe," Mbinya alisema, akarudi jikoni.

Ndolo alikaa kwenye mchanga uliomwagika, akaitukana nailoni na kiwanda kilichoitengeneza. Alikuwa na hasira za kweli. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maswali kuhusu mizinga yake, na sasa alikuwa kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa daftari na mtu anayepika maharagwe.

Ya pili aliitengeneza kwa katani, kwa sababu katani ina meno, inashika. Safari hii alichonga shingo kwenye ncha za kila kijiti ili kamba ikae ndani yake isiteleze. Lakini hakuwa na kamba ya kutosha. Upande mmoja alitumia kamba mpya, upande wa pili kamba aliyoitoa kwenye mkokoteni. Hakuona tatizo. Kamba ni kamba. Alipoanza kupanda, ile mpya ikanyooka na ile ya zamani ikakataa, vidato vyote vikainama upande mmoja, ngazi ikajizungusha na kumgeuza mgongo, na kisogo chake kikagonga chuma cha mnara mpaka tangi likalia.

"Nimesikia!" Mbinya akapaza sauti kutoka ndani.

Ndolo alibaki ameng'ang'ania kidato, uso umeelekea njiani, wapita njia wakimsalimia, naye akiwaitikia. Hakuna kitu kinachokera kama kusalimiwa wakati huo. Mgunga nao ulikuwa umeanza kupukutisha maua. Alihesabu moyoni muda uliobaki, akamwona Musyoka na magambuti yake akishusha mzinga wa baba yake kama anayeshusha godoro kutoka kwenye pikipiki. Akatema mate, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi alimkuta Mbinya ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, katani mpya iko pembeni. Alikuwa akisokota kamba pajani, vile wanawake wa kule wanavyosokota nyuzi za kiondo, ila hii ilikuwa nene kama kidole gumba.

"Nani amekuomba?"

"Hakuna."

"Basi wacha."

"Kamba ya ngazi inatoka katani moja na mkono mmoja, pande zote mbili," Mbinya alisema. "Kama ni kiondo, ungeweka uzi mpya na wa zamani? Kingekaa namna gani?"

Ndolo alichukua panga, akaenda kukata vijiti vya mti mgumu wa kule uitwao mukau. Safari hii alikata vinene kama mpini wa jembe. Kila kimoja alikilaza juu ya mawe mawili, akasimama katikati yake na kuruka, na viwili vilivyolia akavitupa kwenye kuni. Mbinya alisokota, Ndolo akachonga. Siku hizo hawakuongea ila kwa kugombana.

Waligombania mafundo. Ndolo alifunga fundo lake la kufungia ng'ombe, Mbinya akalifungua mbele ya macho yake kwa vidole viwili. Alimwonyesha namna ya kuzungusha kamba kwenye shingo ya kijiti mara mbili, ikajipitia chini yake yenyewe, hivi kwamba ukikanyaga zaidi inabana zaidi. Ndolo alisema hilo alilijua tangu utotoni. Mbinya akamwambia basi ajue pia kulifunga. Waligombania nafasi kati ya kidato na kidato: Ndolo alitaka kubwa, apunguze kazi, Mbinya alitaka kimo cha kiwiko hadi ngumi, "kwa sababu hilo goti lako si la kijana." Fundo moja upande wa kushoto, karibu na juu, Ndolo alilifunga huku akifoka. Mbinya hakuliona, alikuwa amekwenda kufukuza kuku.

Ngazi ilipomalizika ilikuwa nzuri, na Ndolo alijizuia kusema hivyo.

"Katani mpya hunyooka," Mbinya alisema. "Ining'inize na uzito chini, ikae mpaka inyooke yote. Halafu tunakaza mafundo tena, ndio nipande."

Mnara wa tangi ulikuwa mfupi kwa ngazi hiyo. Ndolo akaona hakuna haja ya kazi mara mbili. Akaibeba mpaka kwenye mgunga, akarusha juu ya tawi jiwe lililofungwa uzi, kwa uzi akavuta kamba, kwa kamba akaipandisha ngazi mpaka ikalala sawa kando ya mzinga wa baba yake, kisha akafunga ile kamba ya kuvutia kwenye shina la mti ulio karibu. Chini akafunga magunia mawili ya mchanga. Na kwa kuwa bado kisogo kilimuuma, akapigilia vigingi viwili ardhini akaikaza ngazi hapo, isiyumbe wala isijizungushe. Alisimama akaitazama. Ilikuwa imetulia kama ngazi ya posta. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya majivuno, na Ndolo alikubaliana naye kwa kichwa, akiwafikiria watu kadhaa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kuangalia kama kamba imenyooka. Kabla hajafika alisikia nyuki wakilia kwa namna ambayo si ya kawaida. Chini ya mgunga kulikuwa na kifuniko cha mzinga, kimetafunwa pembeni, na vipande vya masega vimetapakaa mchangani, vyeupe na vitupu, siafu wamekwisha kuvijaa. Ndolo aliinua macho. Mdomo wa mzinga wa baba yake ulikuwa wazi. Kisha akaitazama ngazi, vigingi vyake vilivyokazwa vizuri, vidato vyake vilivyo karibu karibu, na mikwaruzo ya kucha kwenye kila kimoja, kutoka chini mpaka juu. Pembeni lile bati lake lilikuwa linang'aa juani, bila alama hata moja.

Alipiga kelele iliyomtoa Mbinya jikoni mbio, leso mkononi. Musyoka, ambaye alikuwa ameitwa asubuhi hiyo kushuhudia ngazi ikipimwa, aliangusha pikipiki yake njiani akakimbia pia.

"Wewe ndio ulisema iachwe!" Ndolo alimfokea mkewe. "Ining'inie, ining'inie! Sasa ona!"

"Nilisema iachwe. Sikusema iachwe kwa mzinga!"

"Nimemjengea nyegere ngazi! Mimi! Nimemkazia hata vigingi asiumie!"

Musyoka aligeuka kando, mabega yakitikisika. Ndolo alimwona, na hasira zote za miezi hiyo zikapanda kichwani. Alichomoa panga lake kiunoni, akaikamata ngazi kwa mkono wa kushoto, akainua ule wa kulia hadi ulipofikia, ambako hakukuwa mbali.

"Ngoja," Mbinya alisema. "Wacha niangalie mafundo."

Alimsogeza kama mtu anavyomsogeza ndama. Akashika kidato cha kwanza, akavuta. Akashika cha pili. Kamba ilikuwa inanata asali, na nywele nyeusi zilikuwa zimebaki kwenye katani, lakini hakuna fundo lililosogea wala kijiti kilichoinama.

"Huyu mnyama amepanda, amekula, ameshuka akiwa ameshiba," alisema. "Na ngazi haijasema kitu. Hii ni ngazi."

"Ngazi ya kwenda wapi? Asali imeisha!"

"Nyuki je? Mzinga ukikaa wazi hivi mpaka jioni, jua na siafu vitawatoa wote. Ni lazima ufungwe leo."

"Anko, naweza panda mimi nifunge," Musyoka alisema.

Mbinya alikuwa amekwisha kwenda nyumbani na kurudi amevaa koti la mumewe na kofia yake ya neti, na suruali yake ndani ya rinda. Alitundika kiunoni kopo la kufukizia nyuki moshi, akavua ndala. Kisha akakanyaga kidato cha kwanza, na kabla Ndolo hajajua acheke au akataze, visigino vya mkewe vilikuwa vimelingana na uso wake.

"Shika hapo chini," Mbinya alisema. "Ukaze."

Ndolo alishika. Alipotazama juu, ngazi ile aliyoitetea kwa wiki nzima ilikuwa imegeuka takataka. Vijiti vyote vilionekana vyembamba. Kamba ililia kwenye tawi, akaapa moyoni kwamba haikuwahi kulia hivyo. Mbinya alizidi kupanda, mara akawa mdogo, mara rinda likapeperuka, na Ndolo akakumbuka lile fundo la upande wa kushoto, karibu na juu, alilolifunga huku akifoka. Mguu wa mkewe ulikuwa unakielekea kidato hicho hicho.

"Imetosha!" alisema kwa nguvu. "Nimeona umepanda! Shuka!"

"Bado sijafika."

"Shuka, nakuambia! Mbinya!"

Ilikuwa miaka tangu amwite kwa jina lake; siku zote alimwita mama Mutunga, kwa jina la mtoto wao. Musyoka aliacha kutabasamu. Juu kule mguu ulikanyaga, fundo likajibana, likashika. Mbinya alikaa kidogo kwenye mdomo wa mzinga, akapuliza moshi, akachungulia ndani muda mrefu kuliko alivyowahi kuchungulia mwanamke yeyote wa ukoo ule.

"Wapo!" sauti yake ilishuka. "Wamejaa huku nyuma! Nyegere hakufika nyuma!"

Ndolo hakusikia habari za nyuki. Alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, bega likimuuma kana kwamba limevunjika leo, macho yamekwama kwenye zile nyayo. Alihisi hofu tupu, hofu ya mtu ambaye hana la kufanya ila kusimama chini na ndoo. Nyayo zilipogusa ardhi ndipo alipogundua kuwa mikono yake bado imeing'ang'ania ngazi na kwamba mkewe anaitazama.

Mbinya alivua kofia. Uso ulikuwa umejaa jasho.

"Umeona?" alimuuliza.

"Nimeona," Ndolo alisema.

Halafu yakamtoka maneno ambayo hakuwahi kufikiri angeyasema. "Musyoka anaweza panda afunge. Achukue tu hiyo mizinga. Mimi sina neno."

"Musyoka hajui kukaza hicho kifuniko. Ni wewe unajua." Mbinya alimvisha koti, akamfunga vifungo mpaka shingoni. "Nilisema nikishuka mzima utapanda. Nimeshuka mzima. Panda."

Akamfunga kifuniko mgongoni kwa leso, akashika ngazi mahali alipokuwa ameishika yeye.

Ndolo alipanda. Miaka yote alipopanda ule mti hakuwahi kutoa sauti. Alikuwa anaingia kwenye majani na kumwacha mkewe chini aangalie tawi likitikisika. Safari hii kwenye kidato cha kwanza alisema, "Niko sawa." Cha pili akasema hivyo tena. Aliendelea hivyo kidato kwa kidato, kwa sauti ya kutosha watu wawili, na pale kwenye fundo la kushoto alisimama, akalikaza kwa meno na mkono mzima, akasema, "Hapa nimesimama tu, nakaza kitu. Niko sawa."

Juu alikuta mzinga wa baba yake umekombwa mbele kote, hakuna hata asali ya kulamba kidole. Nyuma, gizani, nyuki walikuwa wameshikana kama alivyoambiwa. Alipachika kifuniko, akakigonga kwa ngumi mpaka kikaingia. Nyuki mmoja akapenya ndani ya kola akamuuma shingoni, Ndolo akaruka, akafungua mdomo kutukana.

Chini kila kitu kilikuwa kimenyamaza.

"Ni nyuki tu, mama Mutunga!" aliita upesi. "Ni nyuki! Bado nimeshika!"

"Sawa," Mbinya alisema. "Shuka polepole."